Maji Moto ya Rebeccah

Pipa la kwanza katika maisha ya ndugu yangu Kimutai alilipasua yeye mwenyewe kwa shoka. Lilikuwa pipa la mama yetu, Elmina, alilopikia chang'aa, pombe kali iliyokatazwa na serikali, nyuma ya jiko karibu na migomba. Kimutai alikuwa ameokoka wiki hiyo kwenye mkutano wa injili pale Siongiroi, akarudi nyumbani sauti yake ikiwa imekauka kwa kuimba. Hakumsalimu mtu. Alichukua shoka la kuni akaenda moja kwa moja hadi migombani, na sisi tuliokuwa jikoni tukasikia bati likilia.

Mama alitoka mbio na kijinga cha moto mkononi.

"Hiyo pipa ndiyo ilikusomesha, wewe mbwa!"

"Basi imemaliza kazi, mama."

Akampiga nacho usoni. Nywele za kando ya sikio zilishika moto, ngozi ikafunguka mpaka kwenye taya, na harufu yake niliisikia nikiwa mlangoni. Kimutai hakuinua mkono. Alisimama tu, shoka likiwa chini, damu ikimwingia kwenye shati. Mama alipoona hivyo aliangusha kile kijinga, akakaa kwenye matope akaanza kulia.

Mimi ni dada yake mdogo, Chepngetich. Nilikuwa kidato cha pili wakati huo. Nasema kwamba siku hiyo niliona muujiza, na ninaposema muujiza simaanishi lile shoka. Namaanisha mikono yake iliyobaki chini. Kabla ya kuokoka, Kimutai alikuwa mtu wa ngumi. Siku za mnada wa ng'ombe, watu walimjua kwa mbali na wakampisha. Aliwahi kumng'oa meno mfanyabiashara mmoja kwa sababu alicheka wakati yeye anateleza kwenye matope. Aliwahi kumuuma mtu sikio na kulitema mbele yake. Marehemu baba alijaribu kumfunga kamba kwenye nguzo ya boma, na asubuhi tulikuta nguzo imeng'olewa. Mtu wa namna hiyo alipigwa moto usoni na mamake na akanyamaza. Tangu siku hiyo niliamini kwamba Mungu yupo, na kwamba ana nguvu kuliko ndugu yangu.

Baada ya hapo alipata kazi katika kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, kwenye mabomba ya mvuke. Aliyemfundisha ni fundi mmoja aliyeitwa Oketch, mtu wa kutoka ziwani, mcheshi, mwenye tumbo kubwa na mikono midogo kama ya mtoto. Walikaa nyumba moja ya wafanyakazi, ukuta kwa ukuta. Mwaka wa tisini na mbili, vita vya kikabila vilipofika huko, kundi la vijana wetu, watu wa lugha yetu, lilikuja kuwatoa watu wa ziwani nyumbani mwao. Kimutai alisimama mlangoni kwa Oketch na kipande cha bomba la chuma.

"Toka hapo, boiyot," kijana mmoja alimwambia, akimwita mzee kwa lugha yetu. "Unalinda adui?"

"Ninalinda mlango. Wewe ukitaka kujua kama ni wa adui, sogea."

Walisogea. Alivunja taya la mmoja na mkono wa mwingine, na yeye akapigwa mshale begani uliokaa humo mpaka jioni. Oketch, mkewe Ajwang na watoto walitokea dirisha la nyuma wakapitia kwenye majani chai wakiwa wameinama. Walipona. Lakini Kimutai hakujivunia jambo hilo hata siku moja. Alilia kanisani mbele ya watu wote, akasema kwamba alisikia raha taya la yule kijana lilipovunjika, na kwamba hiyo raha ndiyo iliyomtisha. Aliweka nadhiri kwamba hatampiga tena mwanadamu yeyote.

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi alirudi nyumbani kwa shamba lake, ng'ambo ya Longisa, akakaa na mkewe Rebeccah. Aliwekwa kuwa mzee wa kanisa, na kazi aliyoipenda zaidi ni kuwakemea wapikaji wa chang'aa. Aliwafuata migombani na kwenye mito, akiomba kwa sauti kubwa mpaka wateja wakimbie. Wengi walimchukia kwa hilo.

Rebeccah alikuwa ameshikwa na baridi yabisi. Alichuma majani chai tangu akiwa msichana, kwenye umande na mvua, na vidole vyake sasa vilikuwa vimejikunja kama mizizi ya tangawizi. Asubuhi hakuweza kufunga kitufe. Hakuweza kubeba beseni, wala kujimwagia maji kwa kopo. Daktari alimwambia kitu kimoja kinachoweza kumsaidia ni maji ya moto yanayomwagika mwilini kwa muda, kila asubuhi kabla hajaanza kutembea. Kimutai aliposikia hivyo alisema, "Basi utaoga kwa shawa kama mke wa meneja wa kiwanda."

Rebeccah alicheka. "Shawa ya wapi, na hata stima hatuna?"

"Mke wa meneja pia hakuwa na stima ya kuchemsha maji. Alikuwa na kuni na mimi."

Alijenga tanuri la matofali nyuma ya bafu la mabati, akalaza pipa juu yake na kulichomelea mahali pote. Juu ya kiguzo aliweka jerikani kubwa la maji baridi lililoshusha maji ndani ya pipa. Bomba lingine lilitoka kwenye pipa likaingia bafuni, na mwisho wake ulikuwa mkebe wa mafuta ya Kimbo uliotobolewa kwa msumari. Koki zote mbili, ya moto na ya baridi, aliziweka ndani ya bafu, akazichomelea vipini virefu ili Rebeccah azifungue kwa kisigino cha mkono bila kutumia vidole. Wakati wa kuchemsha zote zilifungwa, kwa sababu maji ya moto yangerudi kwenye jerikani na kuliyeyusha.

Haikufanya kazi. Mwanzoni maji yalitoka moto kwa muda wa kujipaka sabuni tu, halafu yakawa baridi kama ya mtoni, na Rebeccah akabaki akitetemeka na povu mwilini. Kimutai aliketi mbele ya pipa siku nzima akiligongagonga kwa kijiti. Kisha akagundua kwamba alitoboa tundu la kutolea maji upande wa chini, ambako maji baridi hukaa. Akaliziba, akatoboa la juu, na maji baridi akayaingizia chini yawe yanasukuma ya moto yatoke.

Likaja tatizo la pili. Bomba lilianza kukohoa. Lilitoa hewa, likanyamaza, kisha likatema maji yanayochemka kwa nguvu. Rebeccah aliungua bega na shingo, ngozi ikatoka na nguo alipojaribu kuvaa. Kimutai alichukua nyundo akaupiga ukuta wa bafu mpaka bati likakunjika, halafu akapiga magoti hapohapo akaomba msamaha, sijui kwa Mungu au kwa Rebeccah.

Oketch alikuja kumtembelea siku hizo. Alizunguka pipa, akatazama bomba, akaanza kucheka tumbo likitikisika.

"Kimutai! Umefanya bomba limepanda mlima halafu limeshuka bonde. Hewa inakaa hapo kwa mlima kama mzee wenu wa Kipsigis, haitaki kuhama."

"Na wewe si ungeniambia mapema?"

"Ungeniita mapema. Mnataka kuoga kama wazungu na hamtaki kuita fundi."

Walilinyoosha pamoja. Kabla ya kuondoka, Oketch aliacha kucheka, akashika bomba jembamba la shaba lililotoka juu ya pipa, la kutolea mvuke.

"Hii ndiyo pua yake," alisema. "Koki zikiwa zimefungwa, inapumua hapa tu. Pua ikizibwa, hii pipa itaua mtu."

Hapo ndipo lilipoanza tatizo la tatu, ambalo ndilo lililotuletea msiba. Ile pua ilikuwa inatema. Maji yalipochemka sana ilirusha mvuke na matone ya moto uani, ikaua kuku, na nusu ya maji ya Rebeccah ikapotea hewani. Kimutai hakuweza kuiziba. Kwa hiyo aliirefusha. Alilikunja bomba la shaba, akalipitisha ndani ya nusu pipa lililojaa maji baridi, likatokea upande wa pili. Mvuke ukipita humo ulipoa ukawa maji, na maji yakadondoka tone kwa tone kwenye chupa. Yalikuwa maji safi kuliko ya mvua. Kimutai aliyaziba kwa gunzi la mahindi akayapeleka kanisani, yatiwe kwenye betri ya gari iliyoendesha kipaza sauti. Alifurahi sana. Alisema hakuna kitu kinachopotea tena.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu angeona mara moja alichokuwa amejenga. Yeye hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Rebeccah.

Mama aliona. Alikuja siku moja, akasimama mikono kiunoni mbele ya moto, pipa, bomba la shaba lililopita kwenye maji baridi, na chupa chini yake ikipokea matone.

"Kimutai," alisema, "kama ulitaka kurithi kazi, ungeniambia. Ningekuachia pipa langu badala ya kulipasua."

"Mama, hii ni maji."

"Hata mimi niliwaambia askari ni maji."

"Ni maji ya kuoga! Onja!"

Mama alionja, akatema. "Kweli ni maji. Lakini ni mimi nimeonja. Wengine wataangalia tu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Watu walioangalia waliona mzee wa kanisa anayewakemea wapikaji akibeba chupa zilizozibwa kwa gunzi kama za chang'aa kila Jumapili. Walicheka kwanza, kisha wakaudhika. Baraza la kanisa lilimwita. Nilimsindikiza pamoja na Rebeccah na mama, tukakaa nje ya dirisha lililo wazi. Ndani walikuwa mchungaji na wazee, na aliyesema zaidi alikuwa mzee Robert, ambaye alikuwa mtu mwaminifu lakini mgumu.

Kimutai aliweka chupa mezani. "Ndugu zangu, onjeni."

Hakuna aliyeigusa.

"Mkristo hawezi kuonja ili ajue," Robert alisema. "Akionja na ikawa ndiyo, amekwisha tenda dhambi."

"Basi inuseni."

"Kuna ile isiyonuka sana."

Mama aliingiza kichwa dirishani. "Nitaonja mimi! Katika kata hii nzima nani anajua kuliko mimi?"

"Wewe si mshirika," Robert akamjibu bila kumtazama.

Mchungaji alisema kwa upole kwamba Kimutai abomoe ule mtambo, na Jumapili asimame akiri, basi yaishe. Kimutai akauliza akiri nini. Wakamwambia akiri tu. Akakataa yote mawili. Kwa hiyo wakamtenga. Kwa wasiolijua kanisa letu nieleze: mtu aliyetengwa hashiriki meza ya Bwana, hapewi mkono na wazee, na akifa kabla ya kukiri mbele ya kanisa na kupokelewa tena, mchungaji hasimami kaburini kwake. Watu wetu huogopa jambo hilo kuliko ugonjwa. Anazikwa kama ng'ombe, ndivyo wasemavyo.

Tulipofika nyumbani Kimutai alikwenda kwenye mti wa mkaratusi ulio nyuma ya boma akaupiga ngumi. Aliupiga mpaka gome likawa jekundu na vifundo vya vidole vikaonekana vyeupe. Rebeccah alimkumbatia kwa nyuma kwa mikono yake isiyoweza kushika.

"Ubomoe tu," alimwambia. "Nitaoga kwa beseni."

"Utalibeba na mikono gani?"

"Basi kiri tu. Ni maneno."

"Nikisema nilipika, nitakuwa nimemdanganya Mungu ili nipatane na Robert." Alikuwa akihema. "Nikifa, mnizike nyinyi."

Sijui ni nani aliyepeleka habari kwa chifu. Nimeacha kuuliza. Askari walikuja asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia Rebeccah kuoga. Moto ulikuwa unawaka vizuri, pua inadondosha matone chupani, na mimi na Rebeccah tulikuwa bafuni, amevua nguo, tunangoja maji yawe tayari. Koki zote zilikuwa zimefungwa. Nilisikia lango likivunjwa, kisha sauti.

"Mzee, leo tumekupata na pombe na moto wake!"

Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mnene, mwenye rungu la mti mweusi. Mwingine alikuwa kijana mdogo ambaye kofia yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa.

"Afande, ni maji ya kuoga," Kimutai alisema. "Bibi yangu ni mgonjwa. Onja."

Jibu lilikuwa rungu. Lilimpata kwenye goti, akaanguka. Wakampiga akiwa chini, kwenye mbavu na mgongoni, na kila pigo lilitoa sauti kama mtu anayepiga godoro. Hakujikinga. Nilimwona kupitia ufa wa mabati, amefumba macho, midomo inatikisika. Alikuwa akiomba. Nami niliomba pia, nikisema, Bwana, ishike mikono yake.

"Chupa zingine umeficha wapi? Humo ndani?"

"Humo kuna wanawake! Msiingie!"

Askari wa pili aling'oa mlango wa bafu. Nilimfunika Rebeccah kwa mwili wangu, lakini alinivuta kwa nywele akanitupa nje, kisha akamshika Rebeccah mkono. Alimshika vidole. Alivivuta vile vidole vilivyokunjika kama anavyovuta kamba ya ng'ombe, na Rebeccah akatoa ukelele ambao sijausikia tena kwa kiumbe yeyote. Alimtoa uani akiwa uchi.

Hapo nadhiri ya Kimutai ilikwisha. Spana yake kubwa ilikuwa kando ya tanuri. Aliinuka na goti lile lililovunjika, akampiga nayo yule askari kwenye uso. Meno yalitoka. Mtu yule alianguka ameshika mdomo, damu inapita katikati ya vidole. Kimutai angeweza kumpiga tena, maana spana ilikuwa juu. Aliishusha. Alivua koti akamtupia Rebeccah, na wakati anamfunika, yule mnene akampiga kisogoni.

Kisha yule mnene akageukia mtambo. Alilipiga teke lile nusu pipa la maji baridi akalipindua. Aliikanyaga chupa. Akalishika lile bomba la shaba kwa gunia, akaliegemea kwa uzito wake wote, likakunjika kabisa, likalala bapa juu ya pipa kama mkono uliovunjwa. Matone yakakoma.

Kimutai alikuwa chini, damu machoni. Aliposikia kimya cha yale matone aliinua kichwa.

"Afande, fungua hiyo! Pipa itapasuka!"

"Ipasuke basi. Si ndiyo tunataka?"

"Koki! Niruhusu nifungue koki, iko bafuni!"

"Umwage ushahidi? Kaa chini!"

Alijaribu kutambaa kwenda bafuni, na rungu likamrudisha. Aliniita jina langu, "Chepngetich, koki!" nami nikakimbia. Sikufika mlangoni. Rungu lilinipata hapa kwenye mkono, nikausikia mfupa ukikatika, nikaanguka juu ya mlango uliong'olewa. Pipa lilikuwa limeanza kuunguruma. Matofali yalitikisika. Yule askari kijana alikuwa amechuchumaa karibu nalo, analigonga kwa kirungu chake ili asikie limejaa kiasi gani, amelisogezea sikio.

"Toka hapo, kijana!" Kimutai alipiga kelele. "Toka!"

Kijana alimtazama tu. Kimutai aliingiza mikono yake tanurini akaanza kuvuta kuni zinazowaka kwa vidole vitupu, moja baada ya nyingine, akizitupa nyuma. Niliona ngozi ya viganja ikibaki kwenye kuni. Yule mnene alikuwa anacheka, akidhani ni wazimu. Kisha pipa lilinyamaza ghafla. Kimutai aliachana na kuni, akamrukia yule kijana, akamsukuma kwa mabega yake hadi upande wa pili wa uani. Yeye mwenyewe alibaki palepale.

Lilipasuka upande wa chini, mahali pa kuchomelea. Tanuri lilitupwa kama maganda ya viazi. Mvuke ulifunika uani kote, na ndani ya weupe ule sikuona kitu, nilisikia tu bati likianguka mbali na ng'ombe wakikimbia. Mvuke ulipopanda, Kimutai alikuwa amekaa, miguu mbele yake, kana kwamba amechoka. Shati lilikuwa limeshikamana na mwili. Kuanzia kifuani hadi mapajani alikuwa amepikwa. Sisemi zaidi.

Yule mnene alikuwa ameungua mkono, anatukana. Kijana aliinuka kwenye majani, kofia imepotea. Alitazama maji yaliyotapakaa uani. Akachovya kidole kwenye kidimbwi, akanusa, akaonja.

"Afande," alisema. "Ni maji."

 Wakaondoka, wakimshikilia yule mwenye meno yaliyotoka.

Majirani walimbeba Kimutai kwa machela ya magunia hadi barabarani, na pale hospitali ya Longisa walimpokea vizuri na kufanya walichoweza. Aliishi siku chache. Mchungaji alikuja kumwona. Alilia, na mimi nashuhudia kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli. Alimwinamia.

"Kimutai, kila mtu sasa anajua ilikuwa maji. Lakini ulimpiga askari. Ulivunja nadhiri. Kiri hilo mbele ya wazee wawili, nitawaita, nikupokee."

Kimutai alisema polepole, kwa midomo iliyovimba, "Hilo nimemwambia Mungu tayari. Wazee hawakunitenga kwa hilo. Waniondolee kwanza lile walilonitengea."

"Kanisa haliwezi kuja hapa kitandani hospitalini kusema lilikosea."

"Basi lisubiri."

Yeye hakuweza kusubiri. Alifariki asubuhi, Rebeccah akiwa ameweka paji la uso kwenye godoro lake kwa sababu hakukuwa na mahali pa kumshika.

Kabla ya maziko, mzee Robert alikuja nyumbani na wenzake wawili. Hawakuja kwa ubaya. Walisema kutengwa hakuondolewi na habari za watu, kunaondolewa na kukiri, na kwa kuwa marehemu hawezi tena, mkewe anaweza kusimama badala yake. Aseme tu kwamba kulikuwa na kosa nyumbani. Halafu mchungaji atakuja, kwaya itakuja, na Kimutai atazikwa kama Mkristo.

Sote tulimtazama Rebeccah. Mama alikuwa ameshika kiuno chake kwa nyuma, kama anayemshikilia asianguke. Nilijua anachokitaka Rebeccah. Alitaka kaburi lenye wimbo. Hakuna mjane anayetaka kusikia watu wakisema mumewe alitupwa shimoni kama ng'ombe.

"Kosa gani?" aliuliza.

"Kosa tu," Robert akasema. "Hatuhitaji kulitaja."

"Nitakiri kosa ambalo halina jina?"

Robert aliwatazama wenzake.

"Alikuwa anachemsha maji, mzee. Nendeni mkamwambie mchungaji kwamba nimekiri hivyo. Alikuwa anachemsha maji."

Wakaondoka. Tulimzika sisi wenyewe, kando ya boma. Oketch alikuja na Ajwang na watoto wao wakubwa, na ndiye aliyechimba sehemu kubwa ya kaburi akiwa kifua wazi, akilia kwa sauti bila kuona haya. Watu wa kanisa walikuja pia, wengi sana, lakini walisimama barabarani, nje ya ua wa seng'enge, kwa sababu ndiyo desturi: unaweza kumlilia mtu aliyetengwa, huwezi kuingia. Mchungaji alikuwa miongoni mwao, koti jeusi, mikono nyuma.

Nilisoma Neno mimi, mkono ukiwa kwenye plasta. Sikujua nisome mpaka wapi. Nilipomaliza kukawa kimya, kwa kuwa hapo ndipo mchungaji husema maneno yake na kutupa udongo, na sisi hatukujua nani aanze. Rebeccah aligeuka akawatazama watu wa barabarani.

"Ingieni ama muende," alisema. "Msisimame hapo kama mnada."

Wengine waliinamisha vichwa. Wawili watatu waliondoka. Robert alibaki palepale. Kisha Phelis, mke wa mchungaji, alimpa mumewe mkoba wake amshikie. Mchungaji aliupokea kabla ya kuelewa. Phelis aliinama, akainua waya wa chini, akapita chini yake kwa magoti, sketi yake nzuri ikikokota matope, na kitambaa chake cha kichwa kikabaki kimenasa kwenye seng'enge. Hakurudi kukichukua. Alikuja akasimama kati yangu na mama, akaanzisha wimbo.

Aliuanza juu mno. Tulijaribu kumfuata, sauti zetu zikakatika. Akakatiza, akaanza tena chini kidogo, na safari hii tuliweza.